Naenda makumbusho ya chuo kuona mawe na madini, nianzie wapi?

Kifusi

Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa waliowahi kuingia kwenye haya makumbusho ya vyuo, yale unakuta mifupa na ndege waliokaushwa upande mmoja halafu upande wa pili makabati ya mawe na madini. Wikiendi ijayo nampeleka mpwa wangu, ana miaka 11, huyu mtoto akienda popote anarudi na mawe mfukoni, mama yake ameshachoka kuyakuta ndani ya mashine ya kufulia. Nikasema badala ya kumgombeza kila siku bora akaone mawe yenye majina.

Shida ni mimi. Upande wa mifupa naweza kusimama hata nusu saa maana fuvu la mamba halihitaji maelezo, ila kwenye mawe huwa navuka tu. Kabati refu la kioo, mawe yamepangwa mstari, kila moja na kikaratasi chenye jina la kuuma ulimi na herufi za kemia, ukifika katikati ya kabati huoni tena tofauti. Na huyu dogo ataniuliza, namjua, ataniuliza "anko hili limetokeaje" na mimi nitabaki nakodoa macho.

Tutakuwa na kama masaa mawili. Nianzie wapi, niangalie nini, na mtu unajuaje kwamba hili jiwe ni la maana na hili limewekwa kujazia nafasi? Halafu ana jiwe lake moja jeusi zito anaapa kwamba ni kimondo, anataka aende nalo akawaulize. Inaruhusiwa au tutaonekana washamba?

mzee_wa_droo

Karibu mkuu, hapa umenigusa. Enzi nasoma niliwahi kuwa msaidizi kwenye mkusanyiko wa chuo, kazi yangu kufuta vumbi na kunakili upya vikaratasi vilivyofifia, kwa hiyo haya makabati nayajua kwa upande wa nyuma.

Kwanza elewa kwamba mawe ya chuo hayakupangwa ili kumfurahisha mgeni, yalikusanywa ya kufundishia. Ndio maana unakuta vipande kumi vya kalsaiti, yale madini ya mawe ya chokaa, vimekaa pamoja na wewe unajiuliza si wangeweka kimoja kizuri yaishe. Mwanafunzi anatakiwa aone kalsaiti ikiwa nyeupe, ikiwa ya njano, ya waridi, yenye ncha kali kama meno ya mbwa, nyingine bapa, nyingine boksi lililoegemea upande, na zote ni kalsaiti ile ile. Kwa hiyo we usihangaike kutafuta jiwe zuri. Tafuta mahali jina moja limejirudia halafu mwambie dogo akwambie ni nini hakibadiliki. Atakimbilia rangi, rangi itamwangusha. Akituliza macho ataona pembe, kwa sababu kalsaiti ikivunjika inavunjika kwa pembe zile zile, kipande kikubwa na vumbi lake la chini kabisa.

Mpangilio nao una akili yake. Mara nyingi mwanzo wa mstari ni madini ambayo ni elementi tupu, yaani dhahabu, fedha, shaba, salfa, almasi, grafaiti. Baada ya hapo yanakuja yenye salfa ndani yake, halafu oksaidi, halafu jamii ya chumvi, kaboneti, na huko mwisho silikati, yaani zenye silikoni na oksijeni, ambazo ni nyingi mpaka zinakera. Kupanga kwa kemia namna hii kulishika mizizi katikati ya karne ya 19 kupitia James Dwight Dana wa Yale, na leo madini yanayotambulika duniani yamepita 6,000, kwa hiyo hata chuo kikubwa hakina yote, usijilaumu ukichoka. Ukisimama hapo mwanzo mwonyeshe almasi na grafaiti, mara nyingi wanaziweka karibu karibu makusudi. Zote mbili ni kaboni, moja inakata kioo na nyingine inachafua vidole.

Sasa kikaratasi. Watu wote wanasoma jina kwanza, mimi nakwambia anza na mahali jiwe lilipotoka. Ukiona Tsumeb, Namibia, simama. Mgodi ule ulifungwa 1996 na ulikuwa na madini ya aina nyingi kuliko karibu mgodi wowote unaoujua, azuraiti ya bluu nzito, malakaiti, vitu vya ajabu ajabu, na makusanyo ya dunia nzima yana kipande chake. Ukiona Kongsberg, Norway, tafuta fedha iliyojikunja nyuzi nyuzi, wala haijafuliwa na mtu, imeota hivyo hivyo mwambani. Kule walichimba toka 1623 mpaka 1958. Migodi ya namna hiyo ikishafungwa kilichobaki ni hicho kilichopo kwenye kabati, hakuna wa kukuletea kingine, kwa hiyo swali lako la jiwe lipi la maana, mara nyingi jibu liko kwenye mstari wa mahali na wa mwaka. Jiwe zuri mno lisilojulikana limetoka wapi, kwa mtafiti ni pambo.

Na kitu kidogo ambacho wageni hawakioni: inama uangalie ubavuni au chini ya jiwe, utaona kidoa cha rangi nyeupe ukubwa wa punje ya dengu na juu yake namba imeandikwa kwa wino, mwandiko mdogo mnoo. Hiyo namba ndio roho ya jiwe. Kikaratasi kinaweza kupotea, panya akala, mfanyakazi mpya akachanganya, lakini namba ikibaki unaenda kwenye daftari la mapokezi unakuta nani alileta, lini, kutoka wapi. Makusanyo mengine yana umri wa kutisha. Harvard walianza 1784. Cambridge kwenye makumbusho ya Sedgwick kuna makabati ya mbao ya John Woodward aliyefariki 1728 na mawe yake bado yako ndani, na mawe aliyookota Darwin kwenye ile safari ya meli ya Beagle yako pale pale. Darwin mnamjua kwa wanyama, ila kwenye safari ile alijihesabu zaidi ni mtu wa miamba.

Mwisho, uliza kwa adabu kama kuna droo za chini zinazofunguliwa kwa wageni. Kinachoonekana kwenye kioo ni sehemu ndogo tu ya walivyonavyo.

jiwe_ni_jiwe

mi naona mnamtesa bure mtoto wa watu. masaa mawili ya mawe?? mpeleke kwenye mifupa ya dinosa umalizie na soda, mawe hata barabarani yapo

Mama Fuwele

@jiwe_ni_jiwe ya barabarani ndio hayo hayo dogo anayaokota, sasa mwenye hamu unamkatazia nini 😂

Kifusi mimi ni mwalimu na nimeshapeleka watoto wengi sehemu hizi, nakuambia kitu kimoja, usianze na kabati, anza na meza ya kugusa. Makumbusho mengi ya chuo yanayo, pengine ni kisanduku tu pembeni ya mlango. Mtoto akishika galena kwa mara ya kwanza uso unabadilika, maana anaona kijiwe cha kawaida, anakinyanyua, mkono unashuka. Galena ni madini ya risasi, uzito wake ni karibu mara 7.5 ya maji ya ujazo ule ule wakati kwatsi ni kama 2.65 tu. Akitoka hapo ataanza kuuliza uzito wa kila kitu humo ndani hata visivyoguswa. (Akishashika galena anawe mikono kabla ya kula chochote, hilo sio la mjadala.)

Kingine mtafutie pairaiti ya Navajún, Hispania. Ni miraba kamili ya rangi ya dhahabu, kingo zimenyooka, pembe zimekaa sawa, watu wazima kabisa wanagoma kwamba haikukatwa na mashine. Mwambie asogeze jicho karibu na kioo aangalie uso mmoja mmoja, mara nyingi ataona mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, halafu uso wa jirani mistari inakwenda kukatana na ile kwa pembe mraba. Mashine haikati hivyo, ile ni alama ya fuwele ilivyokua tabaka kwa tabaka. Na kama dhahabu halisi iko karibu walinganishe. Pairaiti uzito wake ni 5, dhahabu safi 19.3, pairaiti ni ngumu kisu kinateleza na dhahabu ni laini unaikwaruza. Ukiburuza kwenye kigae kisichong'arishwa pairaiti inaacha mchirizi mweusi wenye ukijani na dhahabu inaacha mchirizi wa dhahabu. Ila msiburuze chochote cha watu jamani, mnaangalia tu, mkifika nyumbani atajaribu kwa mawe yake.

Halafu kuna ile kalsaiti angavu kabisa kama wanayo, wanaiweka juu ya karatasi yenye nukta au mstari. Nukta moja unaiona mbili. Ukiruhusiwa kuizungusha nukta moja inatulia na ya pili inaizunguka. Mdenmark mmoja, Rasmus Bartholin, aliandika juu ya hiki kitu 1669 kwa kutumia jiwe la Iceland na hakuwa na maelezo yake, fizikia ya mwanga ilibidi isubiriwe kwanza. Mtoto wa miaka 11 akikwambia "jiwe limeharibu macho yangu" ujue ameona sawasawa.

Ugumu nao usiuache, ile ngazi ya Mohs ya mwaka 1812, moja mpaka kumi, talki chini almasi juu. Kucha yake iko kama 2.5 kwa hiyo inakwaruza jasi ambayo ni 2 na inashindwa kalsaiti ambayo ni 3. Watu wanasahau kwamba zile namba ni foleni tu, nani anamkwaruza nani, sio vipimo vilivyolingana, kutoka 9 ya yakuti mpaka 10 ya almasi kuna pengo kubwa sana kuliko hatua zote za chini.

TaaYaBuluu

Hamjataja chumba cha giza!! Mkuu ulizia kama wana chumba au kabati lenye taa ya urujuanimno. Unaingia unaona mawe ya kijivu yamekaa kama yaliyotupwa, unabonyeza kitufe, taa ya kawaida inazima, na lile la kijivu linakuwa kijani kali na pembeni yake jekundu la moto. Sana sana hayo yanakuwa yametoka Franklin, New Jersey kule Marekani, sehemu iliyokuwa na migodi ya zinki. Kijani ni wilemaiti, madini ya zinki, na jekundu ni kalsaiti, na ule wekundu unaletwa na manganizi kidogo iliyojichomeka ndani ya kalsaiti, kalsaiti isiyo na hiyo kitu inaweza isiwake kabisa. Kwa hiyo usimfundishe mtoto kwamba kila kalsaiti inawaka nyekundu.

Ujanja: taa ikizima msitoke, hesabu taratibu mkiwa gizani, kuna mengine yanaendelea kuwaka yenyewe kidogo halafu yanafifia. Watu wengi wanakosa hicho kwa sababu ya haraka zao.

Na akitaka kununuliwa taa ya nyumbani, ile ndogo ya kukagulia noti feki mawimbi yake ni marefu, itawasha baadhi tu. Wilemaiti na wenzake wengi wanataka mawimbi mafupi ya nanomita 254 na hiyo taa sio ya kuchezea, inachoma macho na ngozi, makumbusho wanaiweka nyuma ya kioo kwa sababu hiyo. Mwache kwanza na ile ndogo.

Tochi ya kawaida ya simu pia nenda nayo ila uliza kwanza. Ukimulika kwa ubavu badala ya kumulika usoni, fuwele ndogo ndogo zinaonekana zote, na madini kama labradoraiti usipokaa pembe sahihi unaona jiwe jeusi tu, ukisogea hatua moja linafumuka bluu na kijani. Usisimame sehemu moja, kuna mawe yanataka wewe ndio uzunguke. Tanzanaiti isiyochomwa ndio usiseme, kipande kimoja upande huu bluu, upande huu zambarau, geuza tena unaona wekundu wa damu ya mzee. Kikaratasi chake kitaandikwa Mererani maana hakuna kwingine duniani inakochimbwa.

Kifusi

Dah asanteni sana, kumbe nilikuwa napita kwenye vitu vizito hivi. Mama Fuwele hiyo ya galena nimeichukua, na jiwe_ni_jiwe soda atapata usijali.

Sasa niulize. Nilipowahi kupita sehemu moja ya namna hii niliona kabati limefunikwa kitambaa cheusi, unakifunua mwenyewe uangalie halafu unakirudisha. Na jingine limeandikwa usiguse kwa herufi kubwa ingawa lipo nyuma ya kioo, nikajiuliza sasa nitaligusaje. Ni hatari kweli au ni mbwembwe? Maana naenda na mtoto.

mzee_wa_droo

Kitambaa ni kwa ajili ya jiwe, maandishi ni kwa ajili yako.

Kuna madini mwanga unayaua. Rialga kwa mfano, ni mwekundu mzuri ajabu, ni aseniki na salfa, ukiuacha kwenye mwanga miaka inavyokwenda unageuka vumbi la njano na hakuna fundi wa kuurudisha. Kuna madini ya fedha mekundu yanaitwa prostaiti, yenyewe yanafifia na kuwa meusi. Hata ametisti ukiiweka juani muda mrefu zambarau inapungua. Kwa hiyo ukifunua kile kitambaa angalia ushibe halafu rudisha vizuri, usikiache kimening'inia nusu, kila mgeni anayekiacha wazi anakula kidogo ya lile jiwe.

Unyevu nao ni adui, na muuaji mkubwa kwenye makusanyo ni hiyo hiyo pairaiti mliyoisifia hapo juu. Sio zote, ile ya miraba ya Navajún kwa kawaida inajiweza, ila kuna pairaiti ya chembe chembe na ile inayokuwa ndani ya visukuku, ikipata hewa yenye unyevu inaanza kuoza, inatoa tindikali ya salfa. Ukifungua droo unasikia harufu ya kiberiti, unakuta jiwe limepasuka limeota unga mweupe wenye unjano, boksi limetoboka, na kikaratasi kimeungua kingo kimekuwa cha kahawia kinakatika ukikishika. Hapo ndio unaelewa kwanini ile namba ya wino kwenye jiwe na daftari la mapokezi vina thamani. Na ukiona tomalini, moja ya mawe ya vito, imejaa vumbi kuliko majirani zake usiwaone wavivu, fuwele yake ikipashwa joto na taa inapata chaji ya umeme inavuta vumbi yenyewe, nilikuwa nazifuta na kesho yake zimerudi vile vile.

Kuhusu hatari, zipo za kweli lakini sio za kukuzuia kwenda. Sinaba, ile nyekundu, ni madini ya zebaki. Rialga nimeshasema aseniki. Kuna nyuzi nyuzi za asbesto ambazo ukizivuruga zinaruka hewani na hazitakiwi kifuani. Kuna madini ya urani, ya kijani cha limao na ya njano, yanatoa mionzi na gesi ya radoni, haya yanahifadhiwa mbali na yanapimwa. Vyote hivyo vikiwa nyuma ya kioo na wewe unapita unaangalia, huna shida. Yale maandishi makubwa yapo zaidi kwa ajili ya siku kabati linapofunguliwa darasani, wanafunzi wana tabia ya kushika kila kitu, na wa jiolojia ndio wabaya zaidi, wanalamba mawe. Sio utani, ni njia ya zamani ya kutambua chumvi na kuona chembe vizuri jiwe likilowa. Usimwambie mpwa wako hilo.

Mama Fuwele

Ameshasoma huyo 😂

Kokoto83

Nijibu la kimondo maana wengine wamelikwepa. Nenda nalo, hamtaonekana washamba hata kidogo, watu wa makumbusho wanaletewa mawe kila mara na wengi wao wanafurahi. Ila mwandae dogo kisaikolojia kwa sababu mengi sana yanayoletwa kama vimondo huwa ni magnetaiti au hemataiti, zote madini ya chuma, au takataka za tanuru la kuyeyushia chuma, ile mabaki nyeusi nzito yenye kung'aa. Kabla hamjaenda angalieni wenyewe. Lina vitundu vitundu vya mapovu? Basi uwezekano ni mdogo mno, hizo ni dalili za tanuru au lava. Mpe kigae, upande wa nyuma usiong'arishwa, aburuze kona ya jiwe. Mchirizi ukiwa mwekundu wa kutu ni hemataiti hata kama jiwe lenyewe ni jeusi tii, ukiwa mweusi fikiria magnetaiti. Kimondo kwa kawaida hakiachi mchirizi wa maana. Kingekuwa na ganda jembamba jeusi juu lililoungua wakati kinapita angani, na ndani rangi nyingine, mara nyingi na punje punje za chuma.

Sumaku msitumie kali. Kama kweli ni kimondo, sumaku yenye nguvu inafuta kumbukumbu ya usumaku kilichokuja nayo toka huko, na hiyo watafiti wanaitaka. Na muhimu kuliko yote aandike alikiokota wapi, lini, kilikuwa juu ya udongo au kimefukiwa, kulikuwa na vingine. Bila hayo hata kikiwa kweli atakuwa amewaletea kichwa cha habari bila habari.

Mkifika waombe wawaonyeshe kimondo chao cha chuma kilichokatwa. Kikishasuguliwa na kupakwa asidi kinatoka michoro ya mistari inayokatana, pembe pembe, inaitwa ya Widmanstätten. Ni chuma na nikeli vilivyopoa polepole mno ndani ya sayari ndogo iliyovunjika, polepole ya mamilioni ya miaka, na hakuna kiwanda kinachoweza kusubiri hivyo. Dogo akiona hilo hata jiwe lake likiwa ni la tanuru hatalia.

Na msiishie kwenye madini ya kung'aa mkasahau upande wa miamba, ule wenye mawe makubwa mabaya. Madini ni dutu moja, mwamba ni mchanganyiko wake. Mwonyeshe granaiti iliyokatwa ikalainishwa, atafute vitu vitatu ndani yake, kwatsi ya kijivu inayofanana na kioo, feldispa ya waridi au nyeupe, na ulanga mweusi unaometa. Akishavipata hapo ataviona hata kwenye ngazi za benki. Halafu muulizie mwamba wa chuma wenye mistari, mwekundu na wa kijivu, tabaka juu ya tabaka, mwingi una umri wa kama miaka bilioni 2.5. Wakati ule bahari ilikuwa imejaa chuma kilichoyeyuka, vijidudu vikaanza kutoa oksijeni, chuma kikashika kutu kikazama chini. Yaani unagusa kutu ya bahari kutoka kabla hakujawa na kitu cha kuvuta pumzi. Mara nyingi huo wanaruhusu kuugusa kwa sababu haudhuriki.

Kifusi

Kokoto83 nimejaribu ya kigae sasa hivi, mchirizi ni mwekundu mwekundu. Dogo kanuna ila anasema bado anaenda nalo kwa sababu kigae sio mtaalamu 😅 Sijabisha.

Swali la mwisho, wikiendi wapo au? Kwenye tangazo lao naona siku lakini masaa hawajaandika.

mzee_wa_droo

Usiende bila kupiga simu. Haya ya chuo yanafuata ratiba ya chuo, likizo ikifika yanaweza kufungwa hata kama tangazo linasema wazi, mengine unakuta mlango umefungwa inabidi ubonyeze kengele idara ya jiolojia ghorofa ya juu aje mtu na funguo. Ukipiga mwambie aliyepokea kwamba unakuja na mtoto mwenye hemataiti yake anataka kuonana na mtunzaji, sema hivyo hivyo hemataiti usiseme kimondo, uwezekano wa kufunguliwa droo unapanda. Picha kwa kawaida wanaruhusu bila flashi. Piga jiwe halafu piga na kikaratasi chake hapo hapo, ukirudi nyumbani na picha za mawe peke yake hutakumbuka lipi ni lipi.

jiwe_ni_jiwe

sasa hiyo labradoraiti inakaa kabati gani maana na mimi nipo karibu na chuo kimoja hapa